Tundu la AC ya dirishani: ulizibe kwa tofali, kwa ubao, au ulitie kidirisha?

Nyumba nyingi za Unguja na Pemba zilizowahi kutiwa AC ya dirishani sasa zina tundu moja ukutani lisilo na kazi. AC ilichoka, ikaja spliti (ile AC ya vipande viwili, kimoja ndani na kimoja nje), ile ya zamani ikatolewa. Au ikaachwa papo hapo na kutu lake, kunguru akajenga juu yake. Tundu lenyewe hukaribia sentimita 60 kwa 40, na aghalabu limezibwa kwa kipande cha plaiwudi kilichopigwa misumari siku ileile ya kutoa AC, kwa nia ya kuja kulimaliza vizuri baadaye.

Hiyo baadaye huletwa na upepo. Kusi likikaza, Juni hadi Agosti, tundu lililoelekea kusini huanza kupiga mluzi usiku. Masika nayo, mvua inayokuja na upepo hupenya pembeni mwa ule ubao na kuchora mstari wa kahawia hadi chini karibu na swichi. Kaskazi huingiza vumbi. Mbu hawana msimu.

Njia za kulifunga si nyingi, na mafundi wa hapa wanazijua zote. Ila kila fundi hukupendekezea ile ya mkono wake: mwashi atakwambia tofali, seremala atakwambia ubao, wa aluminiamu atakwambia kioo. Mimi nasema mapema ninakoegemea ili msomaji ajue: kwenye chumba cha kulala cha nyumba zetu, napenda kifungio kinachofunguka. Zipo kuta ambazo tofali ndilo jibu, nitazitaja.

Tundu linakutoa nini

Wengi hudhani hasara ni upepo unaoingia tu. Kwenye chumba chenye spliti hasara kubwa ni hewa inayobadilishana kimyakimya hata siku ambayo nje hakutikisiki jani. Hewa iliyopozwa ni nzito, hushuka na kutokea chini ya mlango. Inapotoka, nafasi yake inajazwa na hewa ya moto inayoingia juu, na tundu la AC ya zamani kwa kawaida liko juu. Hewa hiyo ya kwetu imejaa unyevu wa bahari, kwa hiyo spliti inalazimika kuikausha huku ikiipoza. Ukiona mpira wa maji nje unatiririka mchana kutwa, chumba chenyewe hakipoi na yuniti za Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, zinakwenda mbio, usiharakie kumwita fundi wa gesi. Tazama kwanza ukuta.

Kulipima hakuhitaji chombo. Funga milango na madirisha, washa spliti, tia ubani kidogo kwenye chetezo, moshi ukipanda uupitishe taratibu kuzunguka kingo za ule ubao. Moshi utapinda kuelekea chumbani pale hewa inapoingia, au utavutwa kwenye ufa pale inapotoka. Rudia chini ya mlango. Mara nyingi utagundua kwamba ubao wenyewe hauna neno, kinachovuja ni pembe mbili za juu ambako ukuta ulichongwa kwa tindo na haukunyooka. Hapo bomba moja la silikoni linatosha, na makala haya unaweza kuyaachia hapa.

Spliti, tofauti na AC ya dirishani, haileti hewa mpya. Watu huona kile kisanduku cha nje wakadhani kinavuta hewa ya nje na kuipuliza ndani. Hakifanyi hivyo. Kinachopita ukutani ni mabomba ya gesi, waya na mpira wa maji. Hewa ya chumbani inazungushwa ileile. AC nyingi za dirishani zilikuwa na kishikio kidogo cha kufungulia tundu la kubadilisha hewa. Kwa hiyo anayeziba kila upenyo kwenye chumba wanacholala watu wanne asishangae wakiamka na vichwa vizito.

Na chumba ambacho ndani yake huwashwa seredani, hata ile ya kupashia ubani au pasi ya mkaa, hakizibwi. Mkaa unapoungua hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu usingizini. Hali ni hiyohiyo kwa jenereta iliyowekwa ukumbini siku ya mvua. Kama jiko la mkaa liko ndani, tundu hilo lina kazi bado, livishe wavu na uliache.

Sponji, gunia, na AC iliyokufa

Haya ya kushindilia nayapitia upesi. Kipande cha godoro la sponji kilichokatwa kikubwa kidogo kuliko tundu, kikabanwa ndani, huzuia upepo vizuri kabisa kwa wiki mbili tatu. Mvua ikikifikia hunywa maji, kikashika ukungu, na panya hukichukua kipande kipande kwenda kutandikia watoto wao. Kifae kwa kungojea fundi tu, tena ukuta usiopigwa na mvua.

AC mbovu kuiacha iwe kizibo ni vibaya zaidi kuliko inavyoonekana. Hewa hupita ndani yake na pembeni yake, maji yakasimama kwenye sinia lake na mbu wakataga, na kile kizimba cha chuma kinachoibeba kwa nje huliwa na chumvi ya bahari mpaka siku moja kinadondoka njiani kwa watu. Itoeni. Na waya wake fundi umeme aukate kwenye swichi kuu, asiuviringishe kwa gundi na kuuficha nyuma ya plasta.

Povu la kopo nalo watu wamelipenda karibuni. Ni zuri kwa ufa wa sentimita moja mbili kati ya ukuta na fremu. Kwa tundu zima halifai. Jua hulichoma likawa unga wa manjano, panya hulitafuna, na likishika moto huwaka. Litumie pembeni, ulikate likishakauka, ulifunike kwa plasta au rangi.

Ubao

Kwa mpangaji, ubao ndio chaguo la kwanza, na kwa nyumba ya familia ambayo watu hawajakubaliana bado nini kifanywe, vilevile. Unafungika kwa siku moja, hauharibu ukuta, na siku ya kuhama unautoa.

Lakini kuna ubao na ubao. Plaiwudi ya kawaida, ile ya kutengenezea makabati, ikikaa nje masika moja huvimba na kubanduka tabaka kwa tabaka kama kurasa za msahafu ulioingia maji. Inayostahili ni plaiwudi ya marini, ile inayostahimili maji, au ubao wa mti mgumu, na kabla ya kuipachika ipakwe rangi ya mafuta pande zote mbili na hasa kwenye kingo, kwa sababu maji huingilia kwenye kingo. Seremala akikuletea ubao umepakwa uso tu, mrudishie. Skrubu nazo ziwe za chuma kisichoshika kutu. Ng'ambo ya Mkoani au huku Chukwani, popote upepo wa bahari unapofika, skrubu ya kawaida hulia machozi mekundu ukutani ndani ya mwaka.

Ukitaka ubao ufanye kazi ya kuzuia joto pia, weka miwili: mmoja usawa wa ukuta wa nje, mwengine usawa wa ndani, katikati jaza sponji kavu au makasha yale meupe mepesi yanayofungiwa friji. Ubao wa nje uinamishwe kidogo chini ili maji yadondoke yasirudi ndani, na pembeni pazungushwe silikoni. Ukingo wa chini mwachie upenyo mdogo upande wa nje, maji yakiingia yapate pa kutokea. Mchwa usimsahau. Kama nyumba ina mchwa kwenye fremu za milango, atakuja na hapa, paka dawa kabla ya rangi.

Kuna namna moja ya ubao ninayoipenda kuliko zote: kimlango. Fremu inabaki ukutani, kwa nje ina wavu wa mbu na nondo mbili tatu, kwa ndani ina kibao chenye bawaba na komeo, kingo zake zimezungushwa utepe wa mpira. Usiku spliti inafanya kazi, kimlango kimefungwa. Spliti ikizimwa asubuhi, kinafunguliwa. Seremala yeyote anayejua kutengeneza dirisha la mbao anakiweza. Bei yake iko katikati, zaidi ya ubao wa kupigilia, chini ya aluminiamu.

Nasisitiza hili la kufunguka kwa sababu ya umeme. Watu wa Unguja hawajasahau Mei 2008, kisiwa kilipokaa gizani karibu mwezi mzima, na tena Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu, tena ya joto. Mwaka 2013 ukaja waya mpya wa chini ya bahari, mkubwa zaidi, na hali leo si ile. Hata hivyo umeme bado hukatika, na chumba kilichojengwa kwa kutegemea spliti, chenye dirisha moja la kioo cha kusukuma linalofunguka nusu tu, bila spliti hakikaliki. Tundu la juu ukutani, ukilifungulia pamoja na dirisha la chini, hutoa ile hewa ya moto inayokusanyika darini. Ulishalipia ukuta kutobolewa. Kwa nini ulipie tena kuupoteza?

Tofali

"Bi mkubwa, hapa ni matofali matatu tu, kesho tumemaliza." Hesabu ya mwashi si mbaya. Tofali la saruji la inchi 18 kwa 9 huingia pale mara tatu, la mwisho likikatwa. Kwa ukuta wa saruji wa nyumba za Fuoni, Mpendae au Machomane, kazi ikifanywa vizuri hakuna kinachoshinda tofali: upepo haupiti, panya hapiti, mwizi hapiti, kelele za barabarani zinapungua, na baada ya rangi hakuna atakayejua palikuwa na nini.

Ikifanywa vibaya, miezi michache baadaye unaona mstatili umejichora ukutani kwa ufa mwembamba, na ufa huo unavuja kama kawaida. Hutokea kwa sababu tofali jipya limeegeshwa kwenye ukingo mkavu wenye vumbi na rangi ya zamani, plasta ikapigwa juu yake siku ileile. Simama na fundi uone mambo machache. Ukingo uchongwe mpaka rangi na plasta legevu itoke, kisha uloweshwe maji. Tofali nazo ziloweshwe. Udongo wa juu kabisa, kati ya tofali la mwisho na ukuta, ndio unaoachwa mtupu mara nyingi kwa kuwa mkono haufiki vizuri, basi ushindiliwe kwa kijiti mpaka ujae. Kabla ya plasta, kipande cha wavu wa kuku kipigiliwe kuzunguka maungio, kikishika tofali jipya na ukuta wa zamani kwa pamoja. Plasta ingojee kesho yake, na ikishapigwa imwagiwe maji siku kadhaa asubuhi na jioni. Fundi anayekwambia masika inatosha kuimwagilia anafanya mzaha.

Tazama pia juu ya tundu kabla ya kulifunga. Matundu mengi ya AC yalitobolewa baada ya nyumba kwisha, bila linta, ile boriti ya kubeba ukuta ulio juu ya tundu. Ukiona ufa unaopanda kwa mshazari kutoka pembe ya juu, ukuta umeshalemewa. Hapo tofali si suala la upepo tena, tundu lijazwe na kubanwa vizuri, na kidirisha usikifikirie.

Mji Mkongwe ni habari nyengine kabisa. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa na udongo mwekundu, nene, na zinavuta unyevu na kuutoa. Ukibandika tofali la saruji na plasta ya saruji katikati yake, unyevu unaopanda ukutani haupati pa kutokea hapo, unajikusanya pembeni, chumvi inatoka nje na plasta ya chokaa iliyozunguka inaanguka mabamba mabamba. Mwenye nyumba hulaumu mvua. Tundu kwenye ukuta wa namna hiyo lijazwe kwa mawe ya aina yake na chokaa, tabaka baada ya tabaka, kila moja likiachwa kushika kabla ya jengine. Chokaa hukauka polepole na inataka subira. Mafundi wanaoijua bado wapo, ingawa si kila mwenye mwiko ni mmoja wao. Tena mji huo uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hiyo mabadiliko ya uso wa nyumba upande wa njia hupelekwa kwanza kwa mamlaka inayosimamia hifadhi ya Mji Mkongwe. Kurudisha ukuta ulivyokuwa kabla ya AC ni ombi jepesi. Kutia kioo na aluminiamu hapo ni mzigo, na kwa kweli huchukiza macho.

Jamaa zetu walioko Uingereza wana tundu lao la namna hii, na wameligombania kwa muda mrefu kuliko sisi. Nyumba za kale za kule zina mahali pa kuotea moto sebuleni, dohani imepanda mpaka juu ya paa. Siku hizi wengi hawauwashi, na dohani inavuta hewa ya joto ya nyumba kwenda nje usiku kucha. Wapo wanaoingiza puto la plastiki kooni mwa dohani na kulijaza upepo, wapo wanaoshindilia kizibo cha sufi ya kondoo, na wapo wanaojenga kwa tofali. Anayejenga huambiwa aache kitundu chenye wavu kwenye lile tofali, na juu ya dohani aweke kofia inayozuia mvua lakini inapitisha hewa, kwa sababu dohani iliyozibwa kote hukusanya unyevu na ukuta ukatoa madoa. Ukuta wa matumbawe unasema jambo lilelile kwa namna yake.

Kidirisha cha aluminiamu

Mafundi aluminiamu sasa wako kila mtaa na kazi yao ni safi. Shida ni kwamba ukiwaambia tu "nitilie kioo hapo", wengi watakuwekea kioo kisichofunguka, au luva. Kioo cha kudumu kinaleta mwanga na kinazuia upepo, sawa, lakini ukuta wa magharibi unalipa kwa jua la alasiri linaloingia mpaka kitandani. Luva ni mbaya kwa chumba chenye spliti. Vile vipande vya vioo hata vikifungwa kabisa huachiana nafasi, na baada ya vishikio vyake kulegea ndiyo basi.

Ombi sahihi ni kidirisha chenye bawaba juu, kinachosukumwa nje kutoka chini, chenye mpira kuzunguka fremu na wavu kwa ndani. Kikifungwa na komeo lake hubana mpira, hewa haipiti. Kikifunguliwa kwa nusu huwa kama paa dogo, manyunyu hayaingii, hewa ya moto inatoka. Kwa nyumba ya saruji uliyoimiliki, ukuta usio na ufa, hiki ndicho ningekitia mimi, na gharama yake ndiyo kubwa kuliko zote nilizotaja. Nondo ziwekwe, kwa kuwa tundu la ukubwa huo mtoto mwembamba anapita. Kingo za fremu zizibwe kwa silikoni ya nje, na kizingiti cha chini kiwe na mteremko wa kutoa maji. Pemba, kunakonyesha kuliko Unguja, usikubali kidirisha hiki kwenye ukuta unaopigwa na mvua bila kijiukingo cha zege juu yake.

Ukuta wa kusini usio na veranda wala mti wa kuukinga, hasa ghorofani, ni ule niliosema tofali ndilo jibu. Upepo wa kusi husukuma maji hata kwenye mpira mzuri. Chumba cha stoo, au chumba chenye madirisha mawili yanayopokeana hewa, nacho kijengwe tofali, tundu la tatu halina la kuongeza. Fleti za Michenzani na nyengine zenye uso wa pamoja, zungumza kwanza na wanaosimamia jengo, kwa sababu ukuta wa nje si wa mpangaji peke yake, na kizimba cha chuma cha AC yako kikidondoka hakichagui kichwa.

Njia yoyote utakayoishika, usimalize malipo ya fundi kwenye ukuta mkavu. Mpe nusu, ngoja silikoni au plasta ishike, kisha mtu apande ngazi upande wa nje na ndoo ya maji, ayamwage juu ya tundu taratibu yateremke, halafu ayarushe kwa nguvu kutoka pembeni jinsi kusi linavyoyarusha. Wewe kaa ndani na kitambaa kikavu, upanguse kingo zote nne, za chini mwisho. Kitambaa kikitoka na unyevu, fundi bado yuko kazini.